Meno ya Bi Ashura

Bi Ashura aliyapokea meno yake kwa mikono miwili, akayaweka kiganjani, akavaa miwani, kisha akafanya jambo ambalo hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kulifanya katika kliniki ya Daktari Yunisi pale Rusimbi. Aliyapindua, akachungulia ndani.

Wagonjwa wengine huangalia nje tu. Wanataka kujua kama jino jipya limefanana na jirani yake, kama si jeupe kupita kiasi, kama halitawafanya wachekwe harusini. Wakiridhika na nje, wanafungua kinywa. Lakini Bi Ashura ni mtu wa Ujiji, mwalimu wa madrasa kwa miaka thelathini na mbili, na mtu aliyekagua madaftari ya watoto kwa muda wote huo hawezi kupewa kitu akakiangalia upande mmoja.

"Huku ndani mbona hivi?" aliuliza.

Yalikuwa meno manne yaliyoshikana, kazi ambayo mafundi huiita daraja. Mawili ya katikati yalikuwa ya kuziba pengo lake la mbele. Mawili ya pembeni yalikuwa kofia, yaani matupu ndani, ya kuvishwa juu ya meno yake mwenyewe ambayo daktari alikwisha kuyachonga yakawa membamba. Kwa nje ilikuwa kauri, imepewa rangi ya meno ya mtu mzima anayekunywa chai ya rangi kila siku. Ndani ya kofia ilikuwa metali, na metali ile ilikuwa ya kijivu, imefifia, haina nuru hata kidogo.

Daktari Yunisi alikuwa amemwita Feliksi, fundi aliyeyatengeneza, atoke chumba cha nyuma aje aone jinsi kazi yake itakavyomkaa mgonjwa. Kwa hiyo fundi alikuwepo, amesimama mlangoni na aproni yake iliyopigwa pasi. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje walikaa watu sita wakisubiri zamu.

"Hapo ndipo inapokaa simenti, Bi Ashura," alisema daktari, huku akitafuta kitu kwenye droo. "Hapaonekani."

"Mungu anapaona," alisema Bi Ashura, bila ukali wowote. "Mimi sufuria yangu nikiiosha naanza ndani. Nje hata pakibaki masizi, mgeni hali chakula cha nje. Na hiki kinaingia kwenye kinywa kinachosoma. Fundi, mwanangu, ndani umenisahau."

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha watu waliochoka kusubiri na wamepata kitu cha kuwachangamsha. Mmoja akasema fundi leo kapatikana.

Hapa pana jambo la kusema kuhusu Feliksi, maana bila hilo mtu ataona ni mpumbavu, naye si mpumbavu. Alizaliwa Ilagala, mama yake akianika dagaa. Alipopata nafasi ya kusoma sekondari mjini, wiki ya kwanza tu mwenzake mmoja alihama dawati kwa sababu ya harufu ya sweta lake, akalitangaza hilo darasa zima likasikia. Tangu siku hiyo Feliksi anaoga mara mbili, anakata kucha kila Jumamosi, anapiga pasi hata kitambaa cha kufutia vifaa. Leo ana miaka thelathini na minne na cheti cha ufundi sanifu wa meno kimetundikwa ukutani, na bado mtu akitaja uchafu karibu na jina lake, masikio yanamwaka moto.

Jibu alikuwa nalo. Angesema: mama, ukijivu huo si uchafu, nimeuweka mwenyewe kwa makusudi. Nina mashine inayoipiga metali kwa mchanga mweupe laini kama unga mpaka inakwaruzika, kwa sababu simenti ya meno haishiki metali inayoteleza, inataka mahali pa kung'ang'ania, kama fundi ujenzi anavyolidonoa zege kwa tindo kabla ya kupiga plasta. Maneno hayo yangechukua nusu dakika, na watu wa kwenye benchi wangetikisa vichwa wakaona wamejifunza kitu.

Badala yake alisema, "Samahani, mama. Naomba dakika kumi."

Alirudi chumba cha nyuma, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake. Alijua anachokwenda kufanya ni kibaya. Hilo liwekwe wazi mapema, asije mtu akamtetea baadaye. Alichukua gurudumu dogo la mpira, akalizungusha ndani ya kofia ya kwanza mpaka ule mkwaruzo wote alioutengeneza jana yake ukalainika, akafanya vivyo hivyo kwenye ya pili, kisha akaweka brashi na dawa ya kung'arishia. Mikono yake ikiwa kazini, kichwa kilikuwa kinatafuta visingizio. Kofia hizi ni ndefu, zitashika kwa kubana kwake tu. Simenti za siku hizi zina nguvu. Akishaona, nitazirudisha kwenye mchanga mara moja kabla daktari hajazigandisha.

Lakini alipotoka, Bi Ashura alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja.

"Sasa hapo," alisema, akipindua kofia moja kwenye mwanga wa dirisha. Ndani paling'aa kiasi cha mtu kujionea pua yake. "Sasa hapo umenifurahisha. Mungu akubariki." Akayainua hata watu wa kwenye benchi wakaona, nao wakaitikia kwamba sasa ni safi. Kutoka hapo meno yaliingia moja kwa moja kwenye trei ya daktari.

"Feliksi, ndani ulipiga mchanga?" aliuliza Daktari Yunisi, huku akivaa glavu.

"Nilipiga, daktari."

Na ni kweli alipiga. Alipiga jana. Alichofanya leo hakuulizwa, naye hakukisema. Daktari Yunisi ni mtu makini sana, lakini asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika mara mbili na benchi limejaa, na katika miaka sita fundi wake hajawahi kumdanganya. Akakoroga simenti, akazijaza kofia, akayasukuma meno mahali pake, akamwambia Bi Ashura aume pamba.

Baadaye akampa masharti: asitafune mifupa, asing'ate muwa, asifungue soda kwa meno.

"Soda kwa meno nifungue mimi?" aliuliza Bi Ashura, akasahau kukasirika kwa jinsi alivyofurahi kuongea.

Maana hakuja pale kutafuta uzuri. Alikuwa ameteleza bafuni mwaka jana akapoteza meno mawili ya mbele ya juu, na pamoja na meno zikamtoroka herufi tatu. Thaa, dhali na dhaa zinataka ncha ya ulimi iguse ncha za meno yale. Bila meno, ulimi ulipita moja kwa moja, na hewa ikatoka ovyo. Ubaya zaidi ni watoto. Watoto wa madrasa humfuata mwalimu kwa uaminifu mkubwa, na ndani ya miezi miwili darasa zima la watoto thelathini, wenye meno yao kamili, lilikuwa linasoma kwa pengo.

Alikaa palepale kwenye kiti cha daktari akajaribu. Thaa. Dhali. Dhaa. Zilitoka safi, moja baada ya nyingine, na machozi yakamlenga. Feliksi alikuwa anachungulia kutoka mlangoni kwake, na hilo nalo lisemwe: alijisikia vizuri.

Zilipita wiki saba. Jumatatu ya wiki ya nane, Hasna wa mapokezi aliingia chumba cha nyuma kabla hata hajavua mtandio wake wa njiani. Hasna naye ni wa Ujiji, alisomeshwa na Bi Ashura tangu ana miaka mitano.

"Kaka Feli, jana nilitamani nipotee," alisema.

Ilikuwa maulidi ya akina mama, alasiri, chini ya turubai. Spika tatu zilikuwa zimeelekezwa mtaani ili na wanaume wa vibarazani wasikie. Bi Ashura ndiye aliyekuwa anaongoza kisomo, kama kila mwaka, isipokuwa mwaka jana alipokuwa na pengo akakataa. Alisoma vizuri mpaka watu wakawa wanafuta macho. Alipokaribia pale ambapo wote husimama kwa heshima ya Mtume, akafika kwenye neno lenye dhali, ulimi ukagusa meno.

"Tukasikia ko, kwenye spika zote tatu," alisema Hasna. "Yaligonga kipaza sauti, kaka Feli, yakadondokea kwenye sinia la halua. Watoto wakacheka. Halafu kimya. Halafu mtu mwingine akapokea kisomo, watu wakasimama. Yeye hakusimama. Alibaki amekaa katikati ya watu wamesimama, mkono mdomoni."

Feliksi aliuliza kama aliumia. Hasna akamwangalia kwa mshangao, akasema kuumia vipi.

Siku ya pili yake Bi Ashura alikuja mwenyewe, amevuta ushungi mpaka juu ya pua, na daraja limefungwa kwenye leso. Daktari Yunisi alimwita Feliksi. Feliksi alilishika kwa kibano, akalipindua kama Bi Ashura alivyolipindua siku ile, akaona alichojua atakiona. Ndani paling'aa vilevile. Hapakuwa na chembe ya simenti. Maana yake simenti yote ilikuwa imebaki kinywani, imeyashikilia meno ya Bi Ashura kama ilivyotakiwa, na ilipogeuka upande wa pili kuishika metali haikupata pa kushika. Fundi yeyote wa mwaka wa pili chuoni angekuambia kosa liko wapi.

"Ulikula nini, Bi Ashura?" aliuliza daktari kwa upole.

Bi Ashura aliinamisha macho. "Kichwa cha mgebuka," alisema nyuma ya ushungi. "Kabla ya kisomo, kwenye chakula. Ulinionya. Nikisema nilisahau nitakuwa naongeza dhambi. Sikusahau, nilikitamani."

"Nione mdomo."

"Hapana, mwanangu. Leo sifungui mdomo mbele ya mtu."

Daktari hakumlazimisha. Akamgeukia Feliksi. "Wewe unaonaje?"

Kichwa cha mgebuka, samaki wa ziwani mwenye mifupa laini, kikikaangwa ni kitu ambacho bibi kizee asiye na jino hata moja anakimaliza akabaki analamba vidole. Feliksi, mtoto wa Ilagala, analijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Aliangalia ule mng'ao. Akafikiria jinsi ya kuanza, na kila mwanzo ulimpitisha kwenye kicheko cha watu sita na kwenye "nilipiga, daktari." Na Bi Ashura alikuwa amekwisha kujitia hatiani mwenyewe, mlango ulikuwa umefunguliwa, ilikuwa ni kupita tu.

"Ni nguvu ya kutafuna, daktari," alisema.

Bi Ashura akatikisa kichwa kukubali. Alipoambiwa linaweza kugandishwa upya, alikataa. Akasema ameaibika mara moja, inamtosha, na kosa ni lake. Alilifunga daraja kwenye leso akaondoka nalo. Feliksi alirudi chumba chake, akawasha mashine asiyokuwa na kazi nayo, akaiacha ingurume.

Wiki iliyofuata Hasna alimwekea chupa ya mawese juu ya meza. Ilikuwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa mpaka shingoni, imefungwa nailoni kwenye kizibo isivuje.

"Imetoka kwa Bi Ashura. Amesema nimwombee radhi kwako."

"Radhi ya nini?"

"Amekuharibia kazi yako. Anasema ulimsafishia mpaka ndani, na yeye akaenda kuiharibu kwa ulafi. Ndivyo alivyosema, ulafi." Hasna alikaa kwenye kigoda. "Amewakusanya watoto wote akawaambia. Kwamba alikatazwa na daktari akakaidi, na Mungu akamuumbua mbele ya watu, nao wajifunze. Amefunga siku tatu. Na kufundisha kaacha, herufi sasa anasomesha Ikram, mtoto wa mdogo wake. Yeye anakaa nyuma anachambua mchele."

Feliksi alisema asante.

Chupa aliibeba mpaka kwake Bangwe, akaiweka kwenye kona ya jiko na kuapa kutoigusa. Alikaa nayo siku nne. Jumapili alipotoka kanisani alichemsha maharage, akatazama mafuta yake mengine, yalikuwa yameisha. Akasema atatia kijiko kimoja tu. Yalikuwa mawese mazuri, mekundu, mazito, na alipoyaonja aliyajua papo hapo: ni ya Ilagala, yanakamuliwa hatua chache kutoka kwa mama yake. Alikula sahani ya kwanza. Akaongeza ya pili, akamiminia tena bila kupima, akamalizia kwa ugali wa muhogo uliobaki, akaufuta mchuzi wote. Aliposimama kuosha vyombo ndipo alipoiona chupa. Ilikuwa nusu.

Aibu ilimshika hapo, wala si kidogo. Alikuwa ameila radhi ya mtu asiye na kosa. Alikuwa ameimimina kwenye maharage na kulamba sahani, wakati mwenyewe ameshinda njaa siku tatu kwa ajili ya uongo wake. Hapakuwa na mtu wa kumwona, mlango umefungwa, na bado alijikuta anaangalia chini. Sweta la dagaa halikuwa limemtia aibu ya namna hii, maana ile harufu hakuitengeneza yeye.

Jumatatu alasiri aliomba ruhusa, akaitia ile nusu chupa kwenye mfuko, akachukua bajaji mpaka Ujiji. Nyumba hakuuliza, alifuata sauti za watoto. Madrasa ilikuwa uani, chini ya bati, mikeka mitatu imetandikwa. Mbele alisimama msichana mrefu mwenye fimbo ya kuonyeshea ubaoni, huyo ndiye Ikram. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa jiko, Bi Ashura alikuwa na ungo mapajani na ushungi juu ya pua.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi?" Aliweka ungo chini haraka. "Karibu, mwanangu. Umepata salamu zangu?"

"Nimezipata. Naomba tuongee pembeni."

Wakaingia jikoni. Feliksi hakukaa. Alisema kwa sauti ndogo, ile ya mtu anayeungama, akitazama mafiga. "Mama, kichwa cha mgebuka hakikufanya lolote. Ungekula vichwa kumi, meno yangebaki. Yalitoka kwa sababu yangu. Ule ukijivu wa ndani nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe, ndio unaoishikisha simenti. Siku ile ukasema ndani nimekusahau, watu wakacheka, nikaenda nikaung'oa wote ili nisionekane mchafu."

Nje watoto walikuwa wanaimba alifu, bee.

"Kwa hiyo ni mimi niliyesema pasafishwe," alisema Bi Ashura, taratibu. "Basi kosa bado ni langu."

"Hapana, mama. Wewe hukujua. Mimi nilijua."

"Na siku daktari alipokuuliza, mimi nimekaa hapo, nimejifunika?"

"Nilijua pia."

Feliksi alikuwa amejiandaa kwa matusi, na pengine kwa msamaha, maana watu wa dini husamehe. Hakupewa chochote kati ya hivyo.

"Nimefunga siku tatu," alisema Bi Ashura. "Nimewaambia watoto wa watu kwamba mwalimu wao ni mlafi. Mtoto mmoja ameacha kula vichwa vya samaki nyumbani kwao, mama yake kaja kuniuliza." Akanyoosha mkono. "Mawese yangu yako wapi?"

Feliksi akatoa chupa kwenye mfuko. Bi Ashura akaiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Nusu."

"Nimeyala, mama."

"Matamu?"

"Matamu," alisema Feliksi.

"Haya. Yalikuwa ya kuombea radhi, na mimi naona sina cha kuombea radhi. Nusu hii inabaki hapa kwangu. Ile uliyokula utaisemea."

"Nimesema, mama. Nimekuja kusema."

"Umesema wapi? Mimi nimeaibika kwenye spika tatu. Wewe umekuja kuninong'oneza jikoni."

Alimtangulia kutoka. Aligonga ukingo wa ubao kwa kiganja mara mbili, watoto wakanyamaza, Ikram akasogea kando. Bi Ashura akasema huyu ni fundi wa meno kutoka Rusimbi, ana maneno yake, wamsikilize kama wanavyomsikiliza yeye. Kisha akarudi nyuma, akasimama.

Watoto thelathini walimkodolea macho. Feliksi alianza kwa sauti ya chini, mtoto mmoja akasema hasikii, akaanza upya. Alisema yote. Alieleza mchanga na simenti kwa kuonyesha sakafu ya ua na ukuta, wakaelewa upesi kuliko alivyotegemea. Akasema mwalimu wao hakukosa, kichwa cha samaki hakikukosa, na kwamba siku mwalimu alipojilaumu mbele ya daktari, yeye alikuwa na ukweli mkononi, ameushika kwa kibano, akaunyamazia.

Msichana mdogo wa mkeka wa mbele aliinua mkono. "Kwa nini hukumwambia tu kwamba si uchafu?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya watu kunicheka."

Msichana akafikiri. "Na sasa huoni?"

"Naona," alisema Feliksi. "Sasa naona zaidi."

Hakuna aliyecheka. Angefurahi kama wangecheka, maana kicheko angalau kinaisha. Walibaki wanamtazama tu, kama wanavyotazama somo ambalo bado halijafutwa ubaoni.

Bi Ashura alipita katikati ya mikeka. Alifungua fundo kwenye pembe ya kanga yake, akatoa ile leso iliyofungiwa daraja, akamwekea Feliksi mkononi. "Kesho asubuhi nitakuja," alisema. "Lirudishe ukijivu wake. Na daktari umwambie wewe, kabla sijafika mimi."

Kisha akaushusha ushungi. Aliushusha mbele yao wote, kwa mara ya kwanza tangu maulidi, pengo likiwa wazi na yale meno mawili yaliyochongwa yamesimama membamba pembeni yake, akachukua fimbo mkononi mwa Ikram. Ikram alisema, mama mkubwa, niendelee mimi na herufi mpaka upone. Bi Ashura akamwambia kwamba haumwi.

Feliksi alitoka. Alisimama kwenye kona kusubiri bajaji, leso mfukoni, na sauti ya darasa ikamfuata mpaka hapo. Bi Ashura alisoma dhali, ulimi wake ukapita palipokuwa wazi, hewa ikatoka ovyo. Watoto thelathini wakaitikia. Kila mmoja wao alikosea sawasawa na mwalimu wake, kwa bidii, kwa sauti moja, meno yao yote yakiwa vinywani. Ikram alijaribu kuwarekebisha, wakamshinda. Wakarudia tena, na tena.

Bajaji ilikuja, akaipungia ipite. Alisikiliza mpaka walipohamia herufi nyingine, ndipo akatoa simu. Daktari Yunisi alipokea upesi, akauliza kama kuna tatizo.

"Daktari," alisema Feliksi, "siku ile uliponiuliza, nilipiga mchanga kweli. Naomba nikuambie nilichofanya baada ya hapo."